Kipya Kinyemi: Je, Wanunuzi Watavihamia Viwambo Vipya vya Runinga?

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Wauzaji wa runinga wameishi kwa methali hii kwa zaidi ya miaka 20, hata kama wengi wao hawajapata kuisikia. Kila baada ya miaka michache hutuletea kiwambo kipya na kutuhakikishia kwamba kile tulicho nacho sebuleni kimepitwa na wakati. Ilikuja plazima, ikaja LCD, ikaja LED, zikaja runinga za kutazamwa kwa miwani, vikaja viwambo vilivyopinda kama upinde, pamoja na 4K na OLED, na sasa tunaimbiwa 8K. Swali ninalolizamia katika makala haya ni hili: je, mnunuzi wa kawaida, na hasa huyu wetu wa Kenya, atakubali kuachana na kiwambo kizima ili anunue kingine kwa sababu tu picha ya hicho kingine ni bora?

Jibu langu ni kwamba hatakubali, na ana haki. Hata hivyo, nitadai pia kwamba siku anapolazimika kununua, mnunuzi huyu huamua kwa maneno asiyoyaelewa. Hapo ndipo sisi wapenzi wa Kiswahili tunapoingizwa katika kesi hii, tupende tusipende.

Hebu kwanza tuitazame historia, maana haidanganyi kama tangazo la biashara. Runinga iliingia Kenya mwaka 1962, na kwa miongo kadhaa ilikuwa mali ya wachache wa mjini. Kilichoifikisha vijijini hakikuwa ubora wa picha hata kidogo. Ilikuwa runinga ndogo ya picha nyeusi na nyeupe, Great Wall, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa kuwa ilikubali kuendeshwa kwa betri ya gari. Betri ilibebwa kwa baiskeli hadi sokoni ikachajiwe, ikarudishwa, na jioni jirani wakajaa kutazama Vioja Mahakamani au Tausi. Wakati huo runinga za rangi zilikuwa zimeenea duniani kwa miaka mingi. Mwanakijiji alijua hivyo, lakini rangi haingemfaa kitu mahali ambapo nguzo ya umeme haijafika.

Baadaye zikaja zile zenye kisogo kirefu, nyingi zikiwa mitumba kutoka Uingereza, na hizo nazo zikaondolewa na zile bapa. Wengi hudhani kwamba runinga bapa zilishinda kwa uzuri wa picha. Si kweli. Viwambo vya kwanza vya LCD vilikuwa na weusi uliofifia kama kijivu na viliacha ukungu nyuma ya mpira uliopigwa kwa kasi, kasoro ambazo runinga za kisogo hazikuwa nazo. Zilichokuwa nacho LCD ni wembamba, wepesi, na uchache wa umeme zinaotumia. Mpangaji wa chumba kimoja Nairobi, ambaye kitanda, jiko na meza ya kulia vinagombania nafasi, hakuhitaji kushawishiwa kuhusu kitu kinachoning'inizwa ukutani. Aliununua ukuta, kwa namna ya kusema. Picha ilikuwa nyongeza.

Ushahidi wa pili ni wa mwaka 2015. Kwa mujibu wa makubaliano ya Geneva ya 2006, mataifa mengi, Kenya ikiwemo, yalitakiwa kuachana na mitambo ya analojia kufikia tarehe 17 Juni 2015. Sisi tulizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, tukavutana mahakamani hadi Mahakama ya Juu, na hatimaye stesheni za binafsi zikiwemo NTV, KTN na Citizen zikatoweka hewani tarehe 14 Februari 2015, zisirejee hadi mwanzoni mwa Machi. Hapakuwahi kuwepo na msukumo mkubwa kuliko huo wa kumfanya Mkenya abadilishe runinga. Je, alifanya nini? Familia nyingi zilinunua king'amuzi, zikakiweka juu ya runinga ileile ya kisogo, zikaendelea kutazama. Mfumo mzima wa utangazaji ulipinduliwa, kiwambo kikabaki palepale. Yeyote anayetabiri kwamba watu watahama kwa wingi kwa ajili ya nukta zaidi anapaswa kueleza kwanza jambo hilo.

Dhana kwamba Mkenya anaogopa teknolojia haina mashiko. Mwaka 2016 M-KOPA ilianza kuuza runinga bapa pamoja na paneli ya sola na betri, mteja akilipa kidogo kidogo kwa simu. Hiyo ilikuwa teknolojia mpya ya kiwambo kwa maana kamili: bila mwangaza wa LED unaotumia umeme kidogo mno, runinga isingeweza kuendeshwa na betri ndogo. Watu waliipokea kwa sababu ilijibu swali lililokuwa likiwasumbua nyumbani kwao.

Tukitazama ng'ambo tunakuta mambo ni yale yale. Plazima ilisifiwa na mabingwa wa picha kuliko LCD za wakati wake, lakini Panasonic iliacha kuiunda mwishoni mwa 2013, nazo Samsung na LG zikafuata mwaka uliofuata. Ilikuwa nzito, ilikula umeme, na ndani ya duka lenye taa kali ilionekana imefifia. Runinga za miwani nazo zilivuma mwaka 2010. Hata mechi 25 za Kombe la Dunia la Afrika Kusini zilirekodiwa kwa ajili yazo. Kufikia 2017 LG na Sony, zilizokuwa zimebaki nazo, zilikuwa zimeacha kuziunda. Nani angegawa miwani sebuleni kila mgeni anapobisha hodi?

Sasa tuzigeukie 4K na 8K, maana hapa kuna hesabu ambayo matangazo huikwepa. Kiwambo cha HD kamili kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani nukta zipatazo milioni mbili. Cha 4K kina zaidi ya milioni nane, na cha 8K zaidi ya milioni 33. Tarakimu hizi zinatisha, lakini jicho la binadamu halijabadilishwa. Jicho lenye uoni timamu hupambanua nukta mbili zikiwa zimeachana kwa takribani sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukikaa mita 3 kutoka kwenye runinga, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.87 hivi. Runinga ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95. Gawa kwa nukta 1,920 na utapata nusu milimita kwa kila nukta. Kwa maneno mengine, kwa umbali huo hata nukta za HD jicho limekwisha kushindwa kuzitenga. Ili afaidi 4K katika kiwambo hicho, mtazamaji asogee karibu zaidi ya mita 1.7. Ili afaidi 8K, asogee chini ya mita 0.9, ambapo mama yeyote wa Kiafrika atamwamuru arudi nyuma kabla hajapofuka.

Isitoshe, kiwambo hakiumbi kisicholetewa. Mawimbi ya kawaida ya stesheni zetu yako chini mno ya 4K, hivyo runinga hulazimika kubuni nukta za kujazia. Japani, kupitia shirika la NHK, ilianzisha idhaa ya 8K tarehe 1 Desemba 2018, na Wajapani wenyewe hawakukimbilia madukani. Kununua 8K kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa moja jioni ni kujenga ghala la magunia 1,000 huku shamba likitoa gunia moja.

Nikiri, kwa haki, kwamba OLED ni suala tofauti. Katika kiwambo hicho kila nukta hujiwakia na kujizima yenyewe, hivyo weusi wake ni weusi wa kweli, na tofauti hiyo huonekana hata ukiwa mbali. Anayetazama filamu usiku, taa zikiwa zimezimwa, atanufaika. Lakini wengi wetu hutazama runinga dirisha likiwa wazi, watoto wakipita mbele yake, na katika mwanga wa mchana LCD yenye mwangaza mkali hufaa kuliko OLED. Tena wako wengi, hasa vijana wenzangu wa vyuoni, ambao runinga yao ni simu, na hawana haja ya kuingizwa katika mjadala huu.

Najua nitapingwa. Mpinzani atasema: mbona madukani leo karibu kila runinga ya inchi 43 kwenda juu ni ya 4K? Je, huko si kuhama? Hapa sarufi yetu inasaidia. Kuna kuhama na kuna kuhamishwa. Kitenzi cha kwanza kina mtenda aliyeamua. Cha pili kina mtendwa. Runinga ya zamani inapokufa, mwenyewe huenda dukani na kukuta kwamba kiwandani hawaundi tena aina aliyokuwa nayo. Hununua ya 4K kwa sababu ndiyo iliyopo na bei imeshuka. Baadaye takwimu za mauzo hutangazwa kama kwamba aliwahi kuulizwa.

Ni wakati huo, amesimama mbele ya ukuta wa runinga zinazong'aa, ambapo lugha inamtupa. Anasoma LED, QLED, OLED. Kwa jicho la kawaida haya ni majina ya ndugu watatu, kila mmoja akimzidi mwenzake kwa herufi moja. Ukweli ni mwingine kabisa. Runinga inayoitwa LED ni LCD ileile, ila taa zinazoimulika kutoka nyuma au pembeni ndizo za LED. Inayoitwa QLED kwa kawaida pia ni LCD, iliyoongezewa utando wa chembe ndogo mno za kuboresha rangi. OLED pekee ndiyo yenye nukta zinazojiwakia. Wanunuzi wasiokuwa na maneno ya kuzitenganisha hulipa fedha nyingi kwa ajili ya herufi moja, mara nyingi kwa mpango wa lipa pole pole, wakatwe kila mwezi kwa mwaka mzima. Hizo ni karo na kodi ya nyumba zinazopotelea katika kifupisho.

Wataalamu wetu walikuwa wapi? Tulitumia miaka mingi tukibishana kama ni tarakilishi au kompyuta, runinga, luninga au televisheni. Sisemi mjadala ule ulikuwa wa bure. Neno runinga limenifaa katika kila aya ya makala haya. Nasema tuliliita sanduku kwa majina matatu, tukayaacha ya ndani yake bila hata moja. Istilahi nyingi zilizobuniwa zilikwenda kwenye karatasi za mtihani, hazikufika kwenye kaunta ya duka.

Na si kwamba lugha ni maskini. Tazama neno kiwambo. Linatokana na kuwamba, kuitandaza ngozi juu ya ngoma hadi ikakaza. Ni nani angepata jina bora la kitu bapa, chembamba, kilichotandazwa ukutani? Kwa maoni yangu linafaa kuliko kioo, kwa kuwa kioo kinatufanya tudhani kila runinga ni ileile. Kutoka hapo tungeweza kusema kiwambo cha kumulikwa kwa LCD ya kila aina, na kiwambo cha kujiwakia kwa OLED. Pikseli ni nukta, neno linaloeleweka tangu shule ya msingi. Sidai kwamba mapendekezo haya ni ya mwisho. Wahadhiri wetu wa isimu watayapekua na huenda wakayatupa. Ninachodai ni kwamba yapimwe kwa mama anayenunua runinga mjini Kakamega au Voi, tuone kama yamemsaidia kumhoji muuzaji.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi dukani. Runinga ya kisogo iliyotupwa haiozi, na kioo chake kina madini ya risasi, sumu kwa ardhi na kwa watoto wanaocheza jalalani. Kila tunaposhawishiwa kuachana na kiwambo kizima, tunaongeza rundo hilo. Fundi wa mtaani anayebadilisha taa za nyuma za LCD iliyokufa anatufanyia hisani kubwa kuliko tunavyomlipa, naye pia anafanya kazi bila msamiati, akielekeza kwa kidole, "hii kitu ya huku nyuma".

Ndiyo maana nashauri chama chetu kianzie kwake. Wanafunzi watano wenye daftari, wakishinda siku kadhaa kwa mafundi na wauzaji wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi, wangerudi na maneno ambayo tayari yanatumika, tuyasafishe badala ya kuyabuni upya. Kisha tuchapishe karatasi ya ukurasa mmoja, bila malipo, yenye maswali ambayo mnunuzi atamuuliza muuzaji kabla hajatoa pesa: kiwambo hiki kinamulikwa au kinajiwakia? Kinakula umeme kiasi gani? Nitakaa umbali gani nacho? Na taa zake zikifa, fundi atazipata?