Kihisi cha Mwanga na Gunia la Mahindi

Kwenye visiagi vya Kayole, Dandora na Kariobangi jijini Nairobi utaambiwa kwamba ugali ukisongwa kwa moto mkali, sumu inakufa. Si kweli. Aflatoksini haina uhai hata ife. Ni kemikali inayoachwa na kuvu, na maji yanayochemka hayaimalizi. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 wakafariki. Hawakula mahindi mabichi.

Wengine hujiliwaza kwa alama ya ubora kwenye pakiti. Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyohiyo.

Lipo dai jipya: mulika mahindi kwa ile taa ya zambarau ya kutambua noti bandia, yakimeta yana sumu. Mng'ao wa kijani-manjano unaoonekana hutokana na kemikali nyingine ya kuvu, si aflatoksini yenyewe. Punje yenye sumu inaweza kupita bila kumeta.

Kihisi cha mwanga kinachoundwa maabara ni kitu tofauti kabisa. Mwanga hupiga utando mwembamba, mathalani wa oksidi ya titani, ile nyeupe ya rangi za ukutani, na umeme kidogo hutiririka. Juu ya utando hupandikizwa kingamwili zinazonasa aflatoksini. Ikinaswa, umeme hubadilika, nayo mabadiliko hayo hupimwa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho jicho na ulimi haviwezi kukigundua.

Je, kitamaliza tatizo, kama wanavyodai wanaokishabikia? Hapana. Sumu haisambai sawasawa. Punje chache zinaweza kuchafua gunia zima. Ukichota kiganja kimoja juu ya gunia la kilo 90, kifaa kitasema kweli kuhusu kiganja hicho tu. Chota juu, katikati na chini, saga, changanya, ndipo upime.

Na dawa za mitishamba je, eti kwa kuwa ni za asili hazina sumu hii? Kuvu nayo ni ya asili. Mizizi na majani yaliyokaushwa vibaya huota ukungu vilevile, na rangi ya unga wake huzuia mwanga, hivyo kihisi hudanganyika usipousafisha kwanza.

Wenye visiagi, msisubiri kifaa: kataeni mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Serikali ya kaunti nayo ipeleke vipimo sokoni, mahindi yanakouzwa kwa gorogoro.