Kaunti Ikibadilisha Programu ya Michoro, Malipo Yako Yanaishia Wapi?

Ukilipia leseni ya biashara kwa simu, SMS ya uthibitisho inakufikia hata kabla hujairudisha simu mfukoni. Leseni yenyewe sasa, hiyo ni hadithi nyingine.

Mwaka huu mteja wetu mmoja, mama mwenye hoteli ndogo ya chapati na maharagwe, alilipa Jumatatu asubuhi. Alhamisi kanjo wakapita. Akawaonyesha SMS, wakamwambia, "Mama, hii kwetu haijaingia." Mlango ukapigwa kufuli, unga ukiwa umeshakandwa. Tulipofuatilia tukakuta pesa ilifika kwa akaunti ya kaunti dakika ile ile aliyolipa. Kosa lilikuwa moja tu: kwenye nafasi ya nambari ya akaunti aliandika nambari ya leseni ya mwaka uliopita, ile iliyo kwenye karatasi ukutani kwake. Pesa ikakaa pale bila mwenyewe, na hakukuwa na mtu yeyote ofisini ambaye kazi yake ni kutafuta mwenyewe.

Wiki chache baadaye tulialikwa kwenye kikao cha kaunti moja, hatutaitaja, iliyokuwa ikibadilisha programu yake ya kuchora hatua za kazi. Kama hujawahi kuona michoro hiyo, ni visanduku na mishale: mteja anajaza fomu, afisa anakagua, mteja analipa, leseni inatoka. Michoro hii si mapambo. Mfumo wa mapato hujengwa kwa kuifuata, karani mpya hufundishwa kwayo, na ubao wa huduma ulio ukutani, ule unaokuahidi leseni kwa siku kadhaa, huandikwa kutoka humo. Kisanduku kikikosekana kwenye mchoro, kazi yake haina mtu.

Kuhama kwenyewe tunakuunga mkono. Programu ya zamani inalipiwa kwa kila anayeitumia, kila mwaka, kwa hivyo ni maafisa wawili tu walioweza kuifungua, na mmoja wao ameshahamishwa kwenda idara nyingine. Wengine wote walikuwa na karatasi za kuprinti ambazo hakuna aliyejua ni za mwaka gani. Isitoshe, michoro mingi ilikuwa picha tupu: kompyuta inaona boksi na mstari, haijui kwamba boksi hilo ni kazi ya mhasibu. Kuna kanuni ya kimataifa ya uchoraji inayoitwa BPMN. Toleo lake la pili lilitoka 2011 na likawa kanuni ya ISO 2013. Ukichora kwa kuifuata, mchoro huhifadhiwa kwa namna ambayo programu ya kampuni nyingine inaweza kuusoma. Kaunti ikichoka na muuzaji huyu, inabeba michoro yake na kuondoka. Hilo peke yake linatosha kuwa sharti kwenye zabuni.

Tulipotofautiana nao ni kwenye mpango wa kazi. Mpango ulikuwa kuchukua michoro yote ya zamani, kuinakili kama ilivyo, halafu "kuboresha baadaye." Wee! Tunaijua hiyo baadaye. Ukihamisha uchafu kutoka nyumba ya zamani, unaupata nyumba mpya ukikungoja. Afadhali waanze na huduma tatu au nne zenye foleni ndefu, wakae kaunta siku mbili waone kinachofanyika kweli, ndipo wachore. Mambo ya katikati ya mchoro, kama vile karani anayeandika malipo kwenye daftari kwa sababu system iko chini, hayako kwenye faili lolote. Yako kwenye kichwa cha karani.

Nairobi imeonyesha kwamba hatua zenyewe zinaweza kubadilika. Mwaka 2023 ilileta leseni moja ya pamoja, iliyounganisha leseni ya biashara na vibali kama cha zimamoto, afya na matangazo, ambavyo mfanyabiashara alikuwa akivifuata kimoja kimoja. Hakuna programu ya kuchora itakayokuambia uunganishe vibali. Hilo ni jambo la watu kuangalia mchoro wakaulizana, kwa nini huyu mtu analipa mara nne kwa jengo hili hili?

Sasa turudi kwenye kile kisanduku cha "mteja analipa." Katika mchoro tulioonyeshwa kilikuwa kimoja, kidogo, na mshale ukitoka moja kwa moja kwenda "leseni inatoka." Ndani yake kuna mambo mengi mno. Kuna namba ya Paybill, kuna nambari ya akaunti ambayo mtu anaweza kuikosea, kuna aliyelipa pungufu kwa shilingi 50, aliyelipa mara mbili kwa sababu SMS ilichelewa, na aliyelipiwa na mtoto wake aliye mji mwingine. Kila mmoja wao anahitaji mshale wake na jina la ofisi itakayomshughulikia. Tuliomba kisanduku hicho kipasuliwe. Mhasibu mmoja akacheka, akasema kikipasuliwa vizuri kitajaa ukurasa. Basi kijae.

Tukubali, tuna maslahi hapa. Malipo yakienda sawa, simu zinazotupigia hupungua. Pia tuna lawama yetu. Tuliporudi ofisini tulifungua mchoro wetu wenyewe, na kisanduku cha mwisho kilisema "SMS imetumwa kwa mteja." Yaani kwetu kazi iliishia pale ambapo shida ya yule mama ilianzia. Tumeongeza hatua baada yake: malipo ya kaunti yasiyolingana na bili yoyote yanatumwa kwa kaunti kila jioni kwenye orodha, na mteja anaarifiwa kwamba nambari aliyoandika haijatambuliwa. Bado tunaijaribu.

Wewe kwa upande wako, tumia nambari ya bili ya mwaka huu, usinakili ile ya ukutani, na usifute SMS hadi leseni iwe mkononi. Kaunti yako ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu ada, uliza swali moja zaidi: nikilipa nikakosea nambari, natafuta nani, na ananijibu kwa siku ngapi? Sheria ya kupata habari ya 2016 inakupa haki ya kuuliza hata nje ya kikao.

Yule mama alifungua tena Jumamosi. Unga wa Alhamisi alikuwa ameshaumwaga.