Mwacheni Yaya wa L3 Afundishe Fizikia, Tena Mumlipe

Nyinyi wa hapa Goma, na nyinyi familia mliokimbia vita ambao leo mnalala kwa ndugu, kanisani ama katika nyumba za kupanga, leo siwaletei habari ya bei ya unga wala ya barabara. Nawaletea habari ya fizikia. Msiondoke. Mwishoni mtaona kwamba ni habari ya pesa yenu na ya watoto wenu.

Siku moja, saa kumi za jioni, nilipita katika chuo kimoja cha hapa mjini. Jina lake nalihifadhi. Nyuma ya jengo, juu ya mawe ya volkano, waliketi wanafunzi kama 20 wa mwaka wa kwanza, wale tunaowaita L1. Mbele yao alisimama kijana wa L3 mwenye kipande cha chaki. Mlango wa zamani ulioegemezwa ukutani ndio uliokuwa ubao wake.

Msichana mmoja, aliyefika hapa pamoja na familia yake kutoka Rutshuru, akanyoosha mkono: "Yaya, mama yangu anabeba bidoni ya maji kila siku toka ziwani. Profesa alisema ukibeba mzigo kwenye njia tambarare hufanyi kazi. Ile haiko kazi?"

Wote wakacheka. Yaya hakucheka. Alimwambia hivi: katika fizikia, kazi ni nguvu mara umbali, lakini ni ule umbali unaoufuata upande nguvu inakosukuma. Mama anaishikilia bidoni kuelekea juu. Akitembea tambarare, bidoni haipandi, basi ile nguvu ya kuelekea juu haikufanya kazi ya fizikia. Lakini mama akipanda mlima wa mita 30 na bidoni ya lita 20, hapo amefanya kazi ya jouli kama 6.000. Na pale tambarare, mwili wake unachoka kwa sababu misuli inakula chakula ili kuushikilia mzigo, hata kama mzigo wenyewe haupandi. Kisha akaongeza: "Usimwambie mama hafanyi kazi. Mwambie neno kazi liko na maana mbili, moja ya nyumbani na moja ya mtihani."

Mimi si mwanafizikia. Nilimaliza shule ya sekondari, nikafuata mafunzo ya uandishi wa habari, basi. Fizikia yangu yote ilikuwa kunakili ubao na kutafuta pointi. Lakini siku ile, kwa dakika tano, nilielewa kitu ambacho sikukielewa kwa miaka yangu yote ya shule.

Dakika ya sita akaja sentinele. Amri imetoka juu: hakuna kufundisha bila ruhusa, huyu kijana si asistanti, watu watawanyike. Mlango ukarudishwa stoo. Wale 20 wakaenda nyumbani na maswali yao.

Nauliza wakubwa wa vyuo vyetu: kosa lilikuwa gani?

Tuseme ukweli juu ya namna somo hili linavyotolewa hapa kwetu. Vyuo vya mashariki vimetegemea kwa miaka mingi maprofesa wageni, wanaotoka Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani ama kwingineko. Profesa akifika, saa 45 za masomo zinabanwa katika wiki moja ama mbili. Anasoma, wanafunzi wanaandika, anaacha silabusi, anaondoka. Na tangu Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, uwanja wa ndege ukafungwa na banki pia zikafunga milango, hata kule kufika kumekuwa shida, na mzazi kupata pesa ya masomo kumekuwa shida kubwa zaidi.

Ukumbini wanaketi watoto waliotoka katika shule za kila namna. Yuko aliyesoma sayansi. Yuko aliyesoma ualimu ama biashara, na sasa anataka agronomia. Yuko aliyefanya mtihani wa serikali baada ya kuhama mara tatu, na maabara hajawahi kuiona kwa macho. Wote wanapewa silabusi moja, mwendo mmoja, lugha moja, ya Kifaransa.

Hapo kwenye lugha ningetaka tusimame kidogo. Kifaransa kina neno la nguvu inayosukuma, neno la nguvu iliyowekwa akiba kama ile ya betri ama ya maji yaliyo juu ya mlima, na neno la nguvu inayohesabiwa kwa kila sekunde, kama ile ya jenereta. Ni maneno matatu, na kila moja lina kipimo chake: nyutoni, jouli, wati. Kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, yote matatu tunayaita nguvu. Mtoto anasikia maneno matatu, kichwani mwake yanaingia mlango mmoja. Kwenye mtihani anachanganya, anapata 4 juu ya 20, na watu wanasema hana akili. Akili anayo. Hakuna aliyemwonyesha kwamba mlango ni mmoja na vyumba ni vitatu.

Nani atamwonyesha? Profesa amesahau lini yeye mwenyewe alichanganya, ni miaka 30 sasa. Lakini yule wa L3 alichanganya juzi tu. Jeraha lake bado halijapona, anajua pale panapouma.

Msidhani hii ni ndoto ya mwandishi wa redio. Kule Marekani, katika chuo kikuu cha Colorado mjini Boulder, walianza mwaka 2003 mpango wa kuchukua wanafunzi ambao bado hawajamaliza digrii ya kwanza, waliofaulu somo, na kuwaweka wawasaidie wenzao katika masomo ya sayansi ya mwanzo, fizikia ikiwamo. Hawakuwatupa ukumbini bure. Kila wiki wasaidizi hao wanaketi na mwalimu wa somo na kutayarisha kazi ya wiki. Wanafuata pia somo la namna ya kufundisha: kuuliza swali, kusikiliza jibu, kutotoa suluhisho haraka. Na wanalipwa kidogo. Lengo moja la mpango lilikuwa kupata walimu wa fizikia kwa shule za sekondari, kwa maana hata kule Marekani walimu hao ni haba. Mpango ule umeigwa na vyuo vingine vingi.

Miaka zaidi ya kumi kabla ya hapo, katika chuo cha Harvard, profesa wa fizikia Eric Mazur aligundua jambo la aibu. Wanafunzi wake walifaulu hesabu ngumu, lakini maswali mepesi ya kufikiri yaliwashinda. Swali mojawapo la mtihani ule, uliotungwa na watafiti wa Arizona, linahusu lori kubwa linalogongana na gari dogo: nani anamsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Tuliseme kwa namna ya hapa kwetu: Fuso na pikipiki. Karibu kila mtu atajibu Fuso. Jibu la fizikia ni kwamba nguvu ni sawasawa pande zote mbili. Pikipiki inaruka mbali kwa sababu ni nyepesi, nguvu ileile inaibadilishia mwendo zaidi. Mazur akaanza kuacha hotuba katikati, anatoa swali, na wanafunzi wanabishana wao kwa wao kabla hajaeleza. Aliona kwamba aliyeelewa sasa hivi anamfahamisha jirani yake vizuri kuliko profesa.

Mnataka hesabu? Mwaka 1998 mtafiti Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6.000 katika madarasa 62 ya fizikia ya mwanzo. Aliangalia kile ambacho mwanafunzi hakukijua siku ya kwanza, na sehemu gani ya hicho alikuwa amekipata mwishoni. Katika madarasa ya hotuba tupu, walipata kama robo tu. Katika yale ambamo wanafunzi walijadiliana na kujibiwa papohapo, walipata karibu nusu. Hivyo tofauti ilitokana na namna ya kufundisha.

Sasa najua majibu ya wakubwa. Nimeyasikia ofisini kwao, wacha niyajibu moja moja.

Wanasema: "Kipofu hawezi kumwongoza kipofu." Ni kweli, na ndiyo sababu nataka awe na maandalizi. Niliona kundi jingine ambamo mkubwa wa L3 alikuwa anasoma majibu ya mtihani wa mwaka jana, na wadogo wanaandika kama wanaandikiwa barua. Ule si msaada, ni silabusi ya pili. Yaya asiyetayarishwa anaweza kueneza kosa kwa watu 20 mara moja. Dawa yake ni saa mbili kila wiki pamoja na mwalimu ama asistanti wa somo. Sentinele hatibu ugonjwa huo.

Wanasema: "Tayari tuko na maasistanti." Nawaheshimu. Lakini asistanti mmoja kwa watu 300 atafanya nini? Atasahihisha intero, atauza silabusi, siku imeisha. Na hapa niseme bila kuzunguka: wako wanaoogopa kwamba mtoto akieleweshwa bure chini ya ukuta, hatanunua tena karatasi. Kama sababu ni hiyo, semeni hadharani, wazazi wasikie.

Wanasema: "Wakubwa watawasumbua wasichana, wataomba pesa." Hili ndilo jibu zito kuliko yote, na silichezei. Katika nchi hii wote tunajua habari ya pointi zinazouzwa kwa mwili. Lakini tazameni vizuri zinatoka wapi: zinatoka kwa mtu mwenye kalamu ya pointi. Basi msaidizi asiguse pointi hata moja. Asisahihishe, asijue maswali ya mtihani, asikae na mtu mmoja chumbani. Afundishe hadharani, mchana, makundi ya watu watano ama sita, na wasichana wa L3 wachaguliwe sawa na wavulana. Atakayeomba kitu atolewe siku hiyohiyo. Akiwa hana pointi mkononi, hana cha kuuza.

Wanasema mwisho: "Hakuna pesa." Hapo ndipo ninapokasirika. Sikuomba jengo. Sikuomba kompyuta. Naomba mpunguze sehemu ya karo ya kijana wa L3 anayetoa saa sita kwa wiki, na mumwandikie cheti kinachosema alichofanya. Kwa yule ambaye baba yake aliacha shamba na ng'ombe kule Masisi, punguzo hilo ndilo litakaloamua kama atamaliza ama ataenda kusukuma chukudu. Na msithubutu kumfanyisha kazi bure mkiita ni moyo wa kujitolea. Wazee wetu wanakumbuka wamonitere wa shule za misheni wakati wa Wabelgiji, waliobeba elimu ya nchi nzima kwa malipo ya kudharauliwa. Tusirudie.

Kisha hesabuni upande wa pili. Mtoto akianguka fizikia ya L1, analibeba deni la somo hilo, ama anarudilia mwaka. Mzazi analipa tena. Familia iliyokimbia haina mara ya pili. Iliuza mbuzi wa mwisho kwa mara ya kwanza. Msichana anaambiwa abaki nyumbani, mvulana anaingia njiani, na sote tunajua ni nani wanaowangoja vijana njiani. Baada ya miaka mitano tunalia kwamba shule zetu hazina walimu wa fizikia. Watatoka wapi, ikiwa tunawafukuza wakiwa bado na chaki mkononi?

Kwa wazazi nasema: mkienda kulipa karo, ulizeni swali moja. Mtoto wangu asipoelewa, anamuuliza nani? Mkijibiwa "profesa", ulizeni profesa yuko mjini siku ngapi kwa mwaka.

Kwa wanafunzi wa L2 na L3: msingoje barua kutoka juu. Pitieni kwa CP wenu, andikeni ombi la ukumbi, wekeni majina na saa, mwombeni mwalimu mmoja awasimamie. Fanyeni kwa utaratibu ili wakose sababu ya kuwafukuza.

Na sisi wa redio tusijifiche. Tunacheza muziki saa nyingi. Nusu saa kwa wiki ya vijana wa L3 kueleza nguvu, kazi na mwendo kwa Kiswahili chetu haitaua mtu. Nitapeleka ombi hilo kwa mkurugenzi wangu, na jibu lake nitaliandika hapahapa, hata likiwa la kukataa.

Yule msichana wa Rutshuru nilimkuta tena njiani, bidoni kichwani, anapanda kutoka ziwani. Nilimuuliza kama sasa anafanya kazi. Akacheka: "Hapa ndiyo, kuko mulima. Nikifika tambarare, professeur atasema napumuzika."

Mtihani wake uko karibu. Rudisheni ule mlango.

Mwandishi wenu, Goma.