Njahi Kwanza, Kitabu Baadaye

Mjadala uliozaa toleo hili umetuchosha: eti mapishi ya Nyeri, Murang'a na Meru yanapotea kwa sababu bibi zetu hawakuandika vitabu. Wenye hoja hiyo hutaja Kenya Settlers' Cookery Book, kilichotolewa na kina mama wa Kanisa la St. Andrew's, Nairobi, mwaka 1928, kikachapishwa tena na tena. Walowezi waliandika, wanasema, ndiyo maana vyao vikarithiwa. Sikubali. Kilichoadimika huku mlimani si karatasi. Ni mbegu.

Chukua njahi, ile punje nyeusi yenye mstari mweupe ubavuni, ambayo Pwani huitwa fiwi. Upishi wake hauna siri: loweka, chemsha, mwaga maji ya kwanza uchungu upungue, chemsha tena mpaka ilainike, kisha uiponde na ndizi umpelekee mama aliyejifungua. Maelezo hayo hayajazi hata nusu ukurasa. Kuipata njahi yenyewe ndiyo kazi. Mwanahistoria Claire Robertson alieleza mwaka 1997 jinsi serikali ya kikoloni ilivyopigia debe maharagwe ya kuuza nje, na zao hili lililokuwa mikononi mwa wanawake likasukumwa pembeni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Karatina ilikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za wanajeshi. Kuanzia 1954, watu wakahamishiwa kwa nguvu kwenye vijiji vya Hali ya Hatari, na Mpango wa Swynnerton wa mwaka huohuo ukaipa kahawa na chai kipaumbele. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyogusa kumbukumbu ya mpishi. Zote ziligusa shamba.

Kwa hiyo kumbukumbu za utotoni zilizokusanywa humu nazisoma tofauti na waandishi wake. Wao wanakumbuka moshi na harufu. Mimi naona ungo. Mtoto aliyekalishwa kuchambua njahi alitupa zilizotobolewa na wadudu, akatenga za chungu, na zile nono akaziweka kando zitiwe majivu zingoje mvua. Somo la kupika na somo la mbegu lilikuwa moja. Siku tuliyoanza kununua njahi kwa kilo, iliyokwisha kuchambuliwa, mtoto alibaki na nusu ya somo.

Nitaambiwa kwamba mukimo wa leo ni mahindi na viazi, mazao yenye asili ya Amerika, basi huo urithi uko wapi? Ni kweli, na ukweli huo unaniunga mkono: shamba lilibadilika kwanza, chungu kikafuata. Pingamizi zito zaidi ni la mtu anayeishi ghorofani Nairobi, au Boston, asiye na hata kitalu. Huyo kitabu ndicho alicho nacho, na simnyimi. Lakini kitabu kinachoandika “maharagwe vikombe viwili” na kunyamaza hakimrithishi kitu, kwa sababu maharagwe si aina moja, wala hayaivi kwa muda mmoja, wala hayana ladha moja. Kimtajie jina la aina hiyo kama linavyotamkwa nyumbani, na mahali inapolimwa.

Makala kuhusu vipimo vya kiganja ni fupi na sahihi. Ile ya migahawa ya Nanyuki inasomeka vizuri. Ya mwisho inahusu mwaka 2021, UNESCO ilipoitambua kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili kuwa mfano wa kuigwa. Wasomaji walio walimu waipe muda, maana watoto wa shule za msingi walishirikishwa kuorodhesha vyakula hivyo, na huo ndio ungo ninaoutetea.

Toleo lijalo litachapisha mapishi ya wasomaji. Yeyote atakayetuandikia aanze na jina la mbegu, na kama bado anayo, afunge punje ishirini katika bahasha hiyohiyo.