Sheria ya Mvuke wa Rangi na Lugha ya Mpakaji

Katika eneo la Moding na miji ya mpakani ya Malaba na Busia, malori yanayosubiri kuvuka kuingia Uganda yamezaa riziki nyingi. Mojawapo ni kazi ya kupaka rangi: bodi hugongwa ikanyooka, hupigwa msasa, hupakwa praima, kisha rangi hupulizwa kwa kompresa, aghalabu uani au kando ya barabara. Kusini mwa Kaunti iyo hiyo ya Busia, huko Sio Port na Port Victoria, mafundi wa mashua hupaka mbao za vyombo vya wavuvi. Tukiendelea hadi Kisumu, tunaikuta karakana ya Kenya Shipyards Limited ambako meli ya MV Uhuru II iliundwa. Lori, mashua na meli ni vyombo vitatu tofauti, lakini wapakaji wake hupumua mvuke wa aina moja.

Makala haya yanadai kwamba kanuni za mazingira kuhusu mvuke huo hazitakuwa na nguvu mpakani petu hadi ziandikwe kwa Kiswahili anachokielewa mpakaji, na kwamba kazi hiyo inatuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kabla ya kumhusu mtu mwingine.

Kwanza tuuelewe mvuke wenyewe. Ndani ya kopo la rangi ya mafuta mna unga unaoleta rangi, gundi inayoushikiza kwenye bati au mbao, na kiyeyushi kinachoifanya rangi iwe nyepesi. Fundi naye huongeza kiyeyushi kingine, ambacho hukiita thina. Rangi inapokauka, gundi na unga hubaki, kiyeyushi hupaa. Sehemu yake huingia mapafuni mwa fundi na kumletea kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Sehemu nyingine huchanganyika angani na moshi wa injini, na chini ya jua kali huzaa gesi ya ozoni inayodhuru mapafu. Mahali penye foleni ya malori ya dizeli na jua la mwaka mzima hapakosi viungo vya mchanganyiko huo. Tena, tangu 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiorodhesha kazi ya upakaji rangi miongoni mwa kazi zinazosababisha saratani.

Nchi zenye viwanda vingi zimekwisha kulitungia jambo hili sheria. Mwaka 1995 Marekani iliziwekea karakana za meli kikomo: rangi ya kawaida ya meli isizidi gramu 340 za viyeyushi kwa kila lita. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2004 liliweka gramu 420 kwa lita kwa rangi ya juu ya kurekebishia magari. Tarakimu hizo zina siri moja inayopaswa kumshughulisha mwanaisimu. Kikomo hakipimwi kwa rangi iliyomo koponi dukani, bali kwa rangi ilivyo tayari kupakwa, baada ya kutiwa thina. Maana yake ni kwamba kiwanda chaweza kuuza kopo halali, na mpakaji akaivunja sheria kwa kikombe kimoja tu. Ndiyo sababu karakana za meli zilizofuata sheria hizo hazikubadilisha rangi peke yake. Rangi zenye kiyeyushi kidogo ni nzito. Zinahitaji pampu zenye nguvu zaidi na mikono iliyofunzwa upya. Utii wa sheria ulishuka kutoka ofisini hadi kwa mtu aliyeshika kikombe.

Je, mtu huyo kwetu ameambiwa nini? Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na ina Kanuni za Ubora wa Hewa zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Katiba ya 2010, katika ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Na ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo, sheria na kanuni hizo zimechapishwa kwa Kiingereza. Fundi anaagizwa asichoweza kukisoma, kisha anaitwa mkaidi.

Tutaambiwa kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kwamba wanakiswahili huona tatizo la lugha hata pale penye tatizo la fedha. Hoja hiyo ina uzito. Tafsiri hainunui barakoa wala haijengi chumba chenye feni ya kutolea mvuke. Lakini mkaguzi hupita siku moja, ilhali thina humiminwa kila siku. Mtu pekee aliyepo kila wakati ni mpakaji mwenyewe. Wengine watasema kwamba Kiswahili si lugha ya mama ya Mteso wala ya Msamia. Ni kweli, lakini ndiyo lugha ambayo dereva wa Mombasa, fundi wa Malaba na mteja wa Tororo hupatania bei. Uganda nayo, kwa marekebisho ya katiba ya 2005, ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Na kwamba sheria yaweza kusema Kiswahili si ndoto: Tanzania ilikifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama mwaka 2021.

Hatari iliyo kubwa zaidi inatoka kwetu wenyewe. Tukijifungia maktabani tukabuni istilahi ndefu za kila kemikali, tutakuwa tumemtoa fundi katika giza la Kiingereza na kumtia katika giza la Kiswahili. Neno lake ni thina, liheshimiwe. Istilahi kama kiyeyushi iingizwe kwa kuegemea neno hilo, si kwa kulifukuza.

Kwa hiyo vyama vya Kiswahili vya vyuo vyetu vianze na jambo dogo. Wanachama waende kwa mafundi wa Malaba, Busia na Sio Port wakakusanye msamiati wa kazi yao. Wakae na wenzao wa kemia na wa sheria, watoe karatasi ya ukurasa mmoja: thina ipimwe vipi, kopo lifunikwe lini, rangi ipulizwe wapi, nani asikae karibu. Kisha waisome mbele ya mafundi hao hao, na kila neno litakalomkwamisha fundi lifutwe. Mtihani wa Kiswahili chetu uwe huo.