Jairo Ipimwe Ardhini

Wapo wanaoamini kwamba ndege ya mfano iliyofungwa jairo ya kuituliza angani haiwezi kuanguka. Kwa maoni yetu, imani hiyo ndiyo inayoziangusha. Jairo huhisi mzunguko wa ndege na kusogeza vibapa vya mabawa na mkia ili kuupinga. Ikipangwa kinyume, huuzidisha. Hapo ndipo wengi hunaswa: rimoti hutii barabara ilhali jairo imepinduka, kwani mielekeo hiyo miwili hupangwa kila mmoja peke yake.

Basi msomaji, washa ndege ikiwa imetulia tuli, kisha simama nyuma ya mkia bila kugusa rimoti. Inamisha upesi bawa la kulia: kibapa chake sharti kishuke, cha kushoto kiinuke. Inamisha pua: kibapa cha mkia kiinuke. Maelekezo yasemayo tu "kigeuke kulia" hayatoshi; kulia kwa nani? Kiswahili chaweza kutaja bawa, ukingo na upande pasipo utata, na uvivu wa mwandishi hugharimu ndege nzima. Nguvu ya jairo nayo ianzie chini; ikizidi, ndege hutetemeka hewani.