Mafuta ya Karafuu Yauzwe kama Dawa

Katika mji wetu wa Eldoret, ambao baridi yake haimwachi mtoto akakosa kikohozi, ni nadra kupita penye vibanda vya wauza dawa za asili usione vichupa vya mafuta ya karafuu, rangi yake manjano inayoelekea hudhurungi, vikisifiwa kwa jino, kwa tumbo, kwa kifua, na kwa maradhi mengine ambayo idadi yake huongezeka kadiri mnunuzi anavyosita. Siyatukani mafuta hayo, kwani tangu Sayyid Said alipohimiza mikarafuu ipandwe Unguja na Pemba zao hilo limekuwa fahari ya pwani, na hata leo kule Wawi, karibu na Chake Chake, makonyo hayatupwi, bali hupikwa kwa mvuke yakatolewa mafuta.

Nguvu yake inatokana na yujenoli, ambayo aghalabu ni sehemu 7 hadi 9 katika kila 10 za mafuta hayo, nayo hutia ganzi na kuua vijidudu, hata madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki wakaziba jino kwa muda. Illa yujenoli hiyo hiyo huunguza ufizi ikipakwa kavu, na ikimezwa kwa wingi hudhuru ini. Matabibu wamekwisha kuandika habari za watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10 tu, wakashikwa na degedege, wakazimia. Kikomo kilichowekwa na wataalamu wa kimataifa kwa chakula cha kila siku ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili, maana yake miligramu 25 kwa mtoto wa kilo 10, ilhali tone moja la mafuta haya laweza kupita hapo. Sembuse matatu yanayotiwa katika uji.

Amma mtu mzima mwenye jino, tone moja katika kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, likapakwa kwa pamba penye jino tu, humfikisha asubuhi akaende kwa daktari, kwa kuwa usaha hauondolewi na harufu nzuri. Anayetumia wafarini aulize kwanza, maana yujenoli nayo huzuia damu kuganda.

Basi Bodi ya Dawa na Sumu na maafisa wa afya wa Uasin Gishu wasikubali kichupa kiuzwe bila jina la mtengenezaji, bila onyo, na bila kifuniko kinachomshinda mtoto. Nawe msomaji, mtoto akiyanywa usimtapishe. Mkimbize hospitalini, na kichupa ukichukue.